Hatua Ile Anaipiga Nani?

Wazazi, walimu, na ninyi wanafunzi wa fiziotherapia, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie roboti zinazowasaidia watoto wenye ulemavu kutembea. Video zake mmeziona kwenye simu, na zinaliza. Ila kila mnapoitazama mojawapo, naomba mjiulize: hatua ile anaipiga nani, mtoto au mota?

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi alizaliwa na miguu mizima. Kilichoumia ni ubongo: labda alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, labda alipata manjano kali au homa ya uti wa mgongo. Amri huifikia misuli zikiwa zimevurugika, na msuli uliopaswa kulegea unakaza. Wako wanaotembea magoti yamekunjwa, kama wanaotaka kuchuchumaa, na mwili ukikua na kuwa mzito magoti huelemewa. Baadhi yao huacha kabisa kutembea wakifika ujanani.

Mwaka 2017 watafiti wa NIH, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, akiwemo Zachary Lerner, walichapisha utafiti ninaoupenda mno. Waliwavalisha watoto na vijana 7, wa miaka 5 hadi 19, kifaa cha miguuni chenye mota kwenye goti. Mota ile haikumbeba mtu. Ilikuwa inalisukuma goti linyooke kwa wakati wake katika kila hatua, basi. Sita kati yao walitembea wamenyooka zaidi. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba misuli yao haikubweteka. Iliendelea kujituma huku mashine ikisaidia. Hilo ndilo la kutafuta! Mtoto anayepakiwa nyuma ya baiskeli kila siku hufika shuleni, lakini kuendesha hajui.

Sisemi mashine inayobeba haina faida. Wapo watoto ambao misuli yenyewe inadhoofika kwa ugonjwa wa kurithi, na kwao kubebwa ndiyo njia ya kusimama wima. Kwa ajili yao Elena García Armada, mhandisi wa Hispania, alianzisha kampuni ya Marsi Bionics na kuunda ATLAS, kiunzi cha roboti kinachovaliwa na mtoto. Viungo vyake hujirekebisha, vikaze au vilegee, kulingana na hali ya mtoto, maana hali hiyo haitulii. Mwaka 2022 kazi hiyo ilimpa tuzo ya umma ya wavumbuzi wa Ulaya, na alistahili.

Kanada nako ipo kampuni ya Trexo, inayofunga miguu ya roboti kwenye fremu ya kutembelea yenye magurudumu.

Sasa, sisi je? Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa saidizi wanaovipata. Hapo hatusemi roboti. Tunasema viti mwendo, magongo, miwani. Na mtoto hukua, kwa hiyo kifaa cha mwaka huu mwakani kitambana. Ndiyo maana mimi huwathamini sana mafundi wanaofunzwa TATCOT, chuo cha mafundi wa vifaa vya viungo, pale hospitali ya KCMC, Moshi. Wao hupima mguu wa mtoto huyuhuyu, wakamtengenezea kifaa chake, na akikua wanampima tena.

Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni, afanye nini wakati anasubiri teknolojia hizi. Mama, usisubiri. Mtaalamu wa fiziotherapia akikubali, fundi seremala anaweza kuchonga fremu ya kusimamia kwa vipimo atakavyopewa, na mtoto asimame humo kila siku kwa muda atakaopangiwa. Mpeleke pia akapigwe eksirei ya nyonga hata kama halii, kwa sababu nyonga huanza kuteleza kimyakimya. Iliyokwisha kutoka mahali pake, au goti lililokwisha kuganda, mara nyingi humfanya mtoto asiweze kuvalishwa roboti hata ikija bure.