Pumzi Ishirini za Uongo

Shikamooni wakubwa zangu mlioketi hapa mbele. Wauguzi wenzangu, poleni na kazi. Na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Nimekaa wodini miaka 31, mingi katika mkoa huu wa Tabora, kabla sijaanza kufundisha. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuboresha huduma ya uuguzi katika hospitali zetu. Mtu angeweza kuanzia kwenye majengo, dawa, mashine au mishahara, na yote hayo ni ya kweli. Mimi nitaanzia kwenye ile karatasi ya vipimo inayoning'inia miguuni pa kitanda.

Mnaijua. Joto, mapigo ya moyo, presha, pumzi. Chukueni karatasi kumi za wodi moja, msome mstari wa pumzi peke yake, yaani mgonjwa amepumua mara ngapi kwa dakika. Mtakuta 20, 20, 20, 20. Mzee wa miaka themanini, 20. Kijana aliyevunjika mguu, 20. Mama aliyetoka chumba cha upasuaji saa moja iliyopita, naye 20. Joto linapanda na kushuka, presha inapanda na kushuka, lakini pumzi za wodi nzima zimesimama palepale, usiku na mchana. Kila muuguzi anayesoma karatasi ile anajua kwamba hakuna aliyehesabu.

Najua kwa sababu niliziandika mimi mwenyewe.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Zamu ya usiku, wodi ya wanaume, wauguzi wawili. Kulikuwa na baba mmoja wa makamo, mkulima wa tumbaku, siku ya tatu tangu apasuliwe tumbo. Nilipita kwake saa tatu usiku nikampima joto, nikampima presha, vyote havikunitisha. Kwenye pumzi nikatazama aliyenitangulia ameandika nini, nikaandika hivyohivyo: 20. Saa tano mdogo wake aliyekuwa anamlinda akanifuata mezani. Akasema, "Sista, kaka anahema sana." Nikamjibu kuwa ni maumivu ya mshono, atatulia. Sikuinuka. Alinishukuru, akarudi kukaa pembeni ya kitanda. Saa kumi alfajiri yule baba akafariki.

Asubuhi matroni akaweka lile faili mezani mbele yetu, zamu zote tatu, akaweka kidole kwenye ule mstari. Hakutukaripia. Aliuliza tu, "Ni nani kati yenu aliyehesabu?" Tukanyamaza. Mshono wa ndani ulikuwa umevuja, uchafu umeenea tumboni, na mwili wake ulikuwa umetupigia kelele kwa pumzi tangu siku iliyotangulia. Aliyeisikia ni mdogo wake, mtu asiyejua kupima chochote.

Pumzi ndiyo kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote, na si Tanzania peke yake. Wakati huohuo ndicho kinachowahi kusema. Maambukizi yanapoingia kwenye damu, pafu linapojaa maji, damu inapopungua, mwili hukimbilia kuongeza pumzi mapema, mara nyingi wakati presha bado inaonekana nzuri. Presha ikishaanguka, mmechelewa. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto anayekohoa, wa miezi miwili hadi kumi na mmoja, akifikisha 50 anahema haraka. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Hii haihitaji umeme wala betri. Inahitaji saa yenye mshale wa sekunde, na macho yako kwenye kifua cha mtu kwa dakika nzima.

Naomba tufanye sasa hivi. Geukeni kwa jirani, tazameni kifua, asiongee mtu. Nitasema anza, nitasema basi. Anzeni.

(Ukumbi ulikaa kimya dakika nzima.)

Basi. Mmeona dakika ilivyo ndefu? Na hapa kila mmoja amehesabu mtu mmoja.

Zidisheni sasa kwa wagonjwa arobaini, na usiku mko wawili. Pumzi peke yake inakula dakika arobaini bila kugusa presha, dawa, dripu, kidonda, wala yule anayeita kutoka mwisho wa wodi. Ndiyo maana sitakubali mtu asimame hapa aseme wauguzi ni wavivu. Mwaka 2014 ulitolewa utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi tisa za Ulaya, hospitali 300, wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000. Waliona kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi, uwezekano wa wagonjwa kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Mgonjwa mmoja tu. Hizo ni hospitali zenye mashine za kila aina. Waheshimiwa waganga wakuu na makatibu wa afya mlioko hapa, semina ya lugha nzuri kwa wateja haitaziba pengo hilo.

Lakini wenzangu, sikilizeni hapa kwa makini, maana hili ndilo lililonileta. Tunapoandika 20 bila kuhesabu, tunamdanganya daktari wa raundi ya asubuhi, na tunalificha pengo letu wenyewe. Mkuu anapofungua faili na kukuta kila kisanduku kimejazwa, kila saa, kila mgonjwa, anaona nini? Anaona wauguzi wawili wametosha. Ataombaje mtu wa tatu? Kwa ushahidi gani? Kisanduku kitupu chenye maneno "hakupimwa, tulikuwa wawili kwa wagonjwa 41" ni ripoti nzito kuliko barua kumi za malalamiko. Ikitokea usiku huwezi kuwafikia wote, chagua: waliotoka kupasuliwa, wenye homa kali, watoto wanaohema, mama waliojifungua. Hao wahesabu kweli. Wengine andika ukweli kwamba hukuwafikia. Najua mnaogopa kuulizwa. Nami nawaomba matroni na mainchaji, yaani wakuu wa wodi, anayeandika "hakupimwa" msimwite ofisini kumfokea. Mkimfokea mara moja, kesho yake wodi nzima itarudi kwenye 20.

Wiki hii tunawasha mishumaa kumkumbuka Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1820. Tunamkumbuka kwa taa aliyopita nayo usiku kwa wagonjwa. Tusisahau madaftari yake. Aliporudi kutoka vita vya Crimea alikaa na hesabu za vifo akaionyesha serikali ya Uingereza kwamba askari waliouawa na maradhi yatokanayo na uchafu walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha. Alisikilizwa kwa sababu alikuwa na namba, na namba zake zilikuwa za kweli.

Twende leba. Mama akijifungua, tumezoea kutazama shuka na kusema "damu ya kawaida". Tunakadiria kwa macho. Nusu lita imelowa kwenye pamba, kwenye kanga, nyingine imetiririka chini ya mgongo, nasi tunaandika mililita 200. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania. Wakunga wa kundi moja walipewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unawekwa chini ya mama, damu inaingia humo unaisoma kama unavyosoma maji kwenye jagi. Wakifikia alama ya hatari hawasubiri jambo moja lishindwe ndipo wajaribu lingine. Wanafanya yote kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, dripu, kukagua damu inatoka wapi, na kuita msaada. Kule walikokadiria kwa macho, katika kila akina mama 100 waliovuja damu kupita kiasi, waligunduliwa 51 tu. Kwenye mfuko wenye alama waligunduliwa 93. Na waliofikia hali mbaya kabisa, ya kupoteza lita nzima na zaidi, kupasuliwa tumbo au kufa kwa kuvuja damu, walipungua kwa asilimia 60.

Mkunga ni yuleyule, dawa ni zilezile tunazozijua. Kilichoongezeka ni kupima, na kutosubiri.

Msidhani haya ni ya watu wa mbali. Tabora yetu ilikuwa moja ya mikoa mitano, pamoja na Manyara, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambamo hospitali na vituo 30 viliingia kwenye mpango wa kuokoa watoto wanaozaliwa bila kupumua vizuri. Wakunga walipewa vifaa vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, na mdoli wa kufanyia mazoezi ukawekwa palepale wodini. Hawakupelekwa hotelini wiki mbili. Dakika chache mara kwa mara, zamu kwa zamu, kabla ya kazi, wanashika mfuko wa kupumulishia na kujizoeza kumfikia mtoto ndani ya ile dakika moja ya kwanza. Na takwimu za kituo chao wanazitazama wao wenyewe, wanajiuliza wapi waliteleza. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025, kwa akina mama na watoto wao wapatao 300,000: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kwa asilimia 40, na vya akina mama kwa asilimia 75. Baadhi ya waliofanya kazi hiyo huenda wamekaa humu ndani. Nawaheshimu sana.

Kuna uongo mwingine ambao hata mwenye nia njema anauandika. Niliwahi kumuuguza bibi mmoja kutoka kijiji cha ndani huko Sikonge, Kiswahili chake kidogo sana, ana homa ya mapafu. Kila zamu tuliandika kwenye karatasi ya dawa: amepewa, amepewa, amepewa. Na kweli tulimpa. Siku ya tatu homa iko vilevile, daktari anafikiria kubadilisha dawa. Mama mmoja mhudumu wa usafi alikuwa anapiga deki chini ya kitanda, akamsalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayo," wakaanza kuzungumza. Mara bibi akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Vidonge vyote vilikuwa mle, vimefungwa vizuri. Alielewa kuwa ni vya kwenda navyo nyumbani.

Tulikuwa tunaweka vidonge kiganjani pake na kugeukia kitanda kinachofuata. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama na kikombe cha maji akamwona akimeza. Na hakuna aliyemuuliza lolote, kwa kuwa tulishamwita "yule bibi asiyeelewa". Tangu siku ile sijawahi kuandika "amepewa" kabla sijaona koo likimeza, na popote nilipokuwa inchaji, jambo la kwanza niliuliza katika kila zamu nani anajua Kinyamwezi, nani Kisukuma, nani Kiha. Wahudumu wa usafi niliwaingiza kwenye hesabu hiyo. Wanajua mengi juu ya wagonjwa wetu, tusione haya kuwauliza.

Kuhusu kunawa mikono sitakaa sana, mmefundishwa vya kutosha: sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, 20 hadi 30 kwa kipukusi cha spiriti, na glavu si mbadala wa kunawa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Ndugu zake wafundisheni, watawasaidia kwa moyo mmoja, ila msiwaachie kazi yote.

La mwisho ni ripoti. Wengi wetu tunakabidhiana zamu mezani. Anayetoka amechoka, mkoba uko begani, anasoma: kitanda cha kwanza hana shida, cha pili hana shida, cha tatu anaendelea vizuri. Anayeingia anaitikia kwa kichwa. Ripoti ya namna hiyo ndiyo iliyompokea yule mkulima wa tumbaku mikononi mwangu. Itoleeni kitandani. Mwite mgonjwa kwa jina lake, si "yule wa henia". Sema amekuja na nini, amefanyiwa nini, sasa hivi yukoje, na wewe una wasiwasi gani naye. Hilo la wasiwasi lisikupite hata kama huna namba ya kulithibitisha. Inua shuka, wote wawili mtazame kidonda, mtazame dripu inashuka au imeziba, mpira wa mkojo una kitu au mkavu. Na kabla hamjaondoka, mwulizeni mgonjwa na anayemlinda kama kuna kitu wameona. Yule mdogo wake wa usiku ule angekuwa na la kusema tangu saa mbili, zamu ilipoingia, kama ningemuuliza.

Maswali yenu nitayapokea tukiwa njiani. Sasa hivi ni saa saba na nusu, zamu ya mchana inaingia saa nane, na matroni ametukubalia wanafunzi kumi na wawili twende wodini kusikiliza ripoti kitandani. Wenye saa za mishale mtangulie mbele. Tukifika, mikono kwanza kwenye sinki pale mlangoni.