Ndoo moja, watu wawili: kuoga ukiwa safarini na pikapu ya kulala

FARAJA: Karibuni kipindini. Mimi ni Faraja, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Morogoro. Leo niko na shemeji yangu Zainabu, mke wa kaka yangu mkubwa. Wao wawili wanasafiri na pikapu, nyuma nimewachomelea boksi la kulala: godoro, jiko la gesi, makabati mawili, basi. Bafu hakuna. Shemeji, karibu.

ZAINABU: Ahsante shemeji. Hamjambo wasikilizaji.

FARAJA: Tangu tuanze kuzungumzia hizi gari, swali linalorudi kila wiki ni moja. Hawaulizi mafuta, hawaulizi wapi pa kulala. Wanauliza, mnaoga wapi?

ZAINABU: Na wanaouliza wengi ni kina mama. Nawaelewa. Mtu anaweza kulala popote, akala muhogo na chai siku tatu, lakini siku ya pili bila kuoga hata mazungumzo yanamshinda. Mimi siwezi kabisa. Nimezaliwa Tanga, joto lile, mtu anaoga mara mbili au tatu kwa siku.

FARAJA: Tuanze na hesabu, maana mimi ndiye niliyelijenga boksi na najua linabeba nini. Lita moja ya maji ni kilo moja. Madumu matatu ya lita ishirini ni kilo 60, kama umempakia mtu mzima. Sasa mwambie msikilizaji ile safari ya kwanza madumu mliyaweka wapi.

ZAINABU: Juu ya keria. Tuliona ndani nafasi ndogo, tukayafunga juu na kamba. Gari likawa sawa mpaka Mikumi, sawa mpaka Ruaha Mbuyuni. Tulipoanza kupanda Kitonga, zile kona, nikahisi gari linaegemea upande mmoja, halafu linachelewa kurudi. Maji yanasukasuka juu, lori linashuka mbele yetu. Kaka yako hakusema neno mpaka tulipofika juu. Akapaki, akashuka, akafungua kamba, madumu yote matatu tukayaweka chini karibu na ekseli ya nyuma. Tangu siku ile maji hayapandi tena juu.

FARAJA: Nimefurahi umelisema. Uzito wa juu unayumbisha gari, na keria ina kikomo chake kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kisome. Sasa swali linalofuata: mtu mmoja anahitaji lita ngapi?

ZAINABU: Lita tano. Nikiosha nywele, nane.

FARAJA: Kuna watakaoshangaa.

ZAINABU: Wasishangae, wakumbuke tulivyokuzwa. Nyumbani bibi alikuwa anateka ndoo moja, tunaoga watoto wawili kwa kopo na maji yanabaki ya kufulia kitambaa. Na kwetu Waislamu kuna hadithi sahihi aliyoipokea Anas bin Malik, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na akioga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano. Pishi ni vibaba vinne, karibu lita tatu. Na hilo ni josho kamili, kichwa mpaka vidole vya miguu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba bila lita 40 hajaoga, namwambia kopo analo?

FARAJA: Shawa ya kawaida ukiifungulia inamwaga lita sita, nane, hata kumi kwa dakika. Dumu zima la ishirini linakwisha hata povu hujalimaliza. Ndiyo maana wale walioniomba niwafungie pampu ya umeme wa betri na shawa, wengi wamerudi kuniambia maji hayatoshi. Pampu haina kosa. Maji yanakimbia huku mtu anajisugua.

ZAINABU: Kopo linakusubiri. Nieleze ninavyofanya, maana mtu anaweza kuoga kwa kopo na bado akapoteza maji. Nasimama ndani ya beseni kubwa. Kopo la kwanza kichwani au mabegani, taratibu, mkono wa pili unasambaza maji. La pili mgongoni na mapajani. Hapo natua kopo kabisa. Nachukua dodoki, nalipaka sabuni lenyewe, siupaki mwili, najisugua shingo mpaka nyayo. Sabuni kidogo. Ukizidisha povu, maji ya kulisuuza unayatoa wapi? Halafu nasuuza kuanzia juu, makopo manne au matano, kila kopo linapita lote mwilini kabla ya jingine. Maji yaliyoanguka kwenye beseni naoshea miguu yenye vumbi kabla sijatoka, kisha kandambili.

FARAJA: Na nywele?

ZAINABU: Hapo ndipo kopo linashindwa, hasa ukiwa umesuka. Maji yanateleza juu ya mistari, ngozi inabaki na sabuni, ikikauka inawasha. Na hapo shemeji ndipo ulipotuokoa wewe na lile bomba.

FARAJA: Bomba la kupulizia dawa. Lile wakulima wanalovaa mgongoni, lita 16, au dogo la mkononi la lita tano. Unapampu kwa mkono, linatoa maji kwa nguvu bila umeme. Mimi nilitoa ile nozeli ya ukungu nikafunga kichwa kidogo cha shawa chenye tundu nyembamba. Ukibonya maji yanatoka, ukiachia yanasimama. Lakini nasema hili kwa msisitizo wote: linunuliwe jipya, na liandikwe kwa rangi KUOGEA. Bomba ambalo limewahi kubeba dawa ya shambani usilioshe ukasema limetakata. Dawa inabaki kwenye mpira na kwenye washa, vile vipete vya kuzuia maji yasivuje. Watu wanaumia.

ZAINABU: Mimi nalipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye gari lile. Naingiza ncha kati ya mistari ya nywele, nabonya kidogo kidogo. Lita tatu, kichwa safi.

FARAJA: Tuje kwenye maji ya moto. Kuna ile njia ya bomba jeusi la plastiki.

ZAINABU: Umelifunga wewe, lieleze.

FARAJA: PVC ya inchi nne, urefu mita moja na nusu, inabeba kama lita 12. Unaifunga kando ya keria, unaipaka rangi nyeusi, mbele kifuniko cha kujazia, nyuma koki na mpira mfupi. Umeendesha mchana kutwa, jioni maji ya moto. Ukifungua koki maji yakagoma, ujue kifuniko cha kujazia umekikaza. Kilegeze hewa iingie. Watu wengine wanajaza upepo kwa pampu ya baiskeli ili maji yatoke kwa kasi. Mimi sifanyi, sipendi kuona plastiki iliyochoka na jua inashikilia presha juu ya kichwa cha mtu.

ZAINABU: Na wapime joto kwanza. Tulikuwa tumetoka Dodoma saa tisa mchana, tumekuja na mjukuu wangu. Nikafungua koki nimwogeshe, nikatanguliza mkono wangu. Sikuuvumilia. Ningemweka mtoto moja kwa moja ningemuunguza. Sasa yale maji hayamgusi mtu kabla hayajapita kwenye ndoo na kupimwa kwa kiwiko.

FARAJA: Na kukiwa na baridi, jua halipo?

ZAINABU: Sufuria. Na hapa nina kipimo changu nimekifanyia kazi. Iringa, maji ya bomba ni baridi lakini si ya kutisha. Lita tatu zilizochemka, lita saba za baridi, unapata ndoo ya lita kumi, joto zuri la kuogea, watu wawili. Tukaenda Kitulo mwezi wa saba. Nikapima vilevile, tatu kwa saba. Shemeji, yalikuwa vuguvugu tu, na upepo ule! Niliumwa mafua siku nne.

FARAJA: Kitulo ni kama mita 2,600 juu ya bahari. Kule maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 91 hivi badala ya mia. Unayaona yanatokota ukadhani ni moto uleule, kumbe sivyo. Na yale ya baridi ni ya baridi zaidi, kuna usiku barafu inatanda kwenye majani.

ZAINABU: Kwa hiyo kule ni nne kwa sita. Na kule siogi jioni tena. Naoga saa saba mchana, jua likiwa kichwani, gari limekaa kati yangu na upepo. Hilo tu limenisaidia kuliko gesi.

FARAJA: Gesi yenyewe, nawaomba wasikilizaji, jiko lisiwashwe ndani ya boksi milango imefungwa eti ili kupate joto la kuogea. Mkaa ndio usiseme. Ile hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu. Mtu analala haamki. Boksi ninalojenga lina matundu mawili ya hewa, moja chini moja juu, na bado nasema pikia nje.

ZAINABU: Kweli kabisa.

FARAJA: Stara je? Uko kando ya barabara, watu wanapita.

ZAINABU: Mlango wa nyuma wa boksi unafunguka kwenda juu, unakuwa paa. Ulichomelea vyuma viwili vinavyochomoka pembeni, natundika kanga mbili kila upande na ya tano mbele, nabana kwa vibanio vya nguo. Chini tunafunga jiwe kwenye kila pindo. Tulinunua hema la kuogea, lile linalojifungua lenyewe. Lilipendeza siku mbili. Pale Isimani upepo ukalibeba nikiwa ndani nina sabuni usoni. Namshukuru Mungu ilikuwa usiku na kaka yako ndiye peke yake aliyekuwa pale. Kanga zinapepea, lakini haziondoki.

FARAJA: Na siku ambazo hamtaki kuogea garini?

ZAINABU: Ziko nyingi. Stendi kubwa na masoko yana choo na bafu la kulipia, ukienda asubuhi mapema kabla ya msongamano ni safi. Madereva wa malori wanajua vituo vyote vyenye bafu kutoka Chalinze mpaka Tunduma, waulize, hawanyimi. Gesti nazo. Mwanzo niliona haya kuingia gesti na mume wangu mchana kuomba bafu tu, unajua wanavyokutazama. Sasa nasalimia vizuri, namwambia dada wa mapokezi, mwanangu, sisi wasafiri, gari letu ni lile, tunaomba kuoga na tutalipia. Hajawahi kutukatalia hata mmoja. Na misikiti mingi ina bafu pale kwenye sehemu ya udhu. Unaomba kwa mlinzi, unaacha pakavu kuliko ulivyopakuta, na sanduku la sadaka lipo.

FARAJA: Binamu yetu anayeendesha lori Marekani anasema kule vituo vikubwa kama Love's na Pilot vina vyumba vya kuogea, taulo unapewa. Ukijaza galoni 50 za dizeli, kama lita 190, unaoga bila kulipa. Mwenye pikapu ndogo tangi lake halifiki huko, kwa hiyo analipia.

ZAINABU: Kumbe na huko dereva anaoga kituoni kama huku.

FARAJA: Mito na maziwa. Hapa shemeji nakuachia.

ZAINABU: Hapa nitakuwa mkali. Mtu akiona maji mengi anavua viatu. Kwanza mamba, hawamsubiri mtu avue. Kiboko jioni anatoka majini kwenda kula, na wewe umesimama kwenye njia yake. Halafu kichocho. Ziwa Victoria, kule Mwanza na Ukerewe, ukingoni kwenye majani ndiko konokono wanakokaa, na vijidudu vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Sisi tukiteka ziwani tunaacha maji kwenye dumu lililofungwa siku mbili kamili ndipo tunayaogea. Vile vijidudu visipompata mtu vinakufa. Lakini kunywa ni habari nyingine, hayo yachemshwe.

FARAJA: Na sabuni?

ZAINABU: Sabuni isiingie mtoni wala chemchemini, hata ile wanayoiita ya asili. Nilimkuta mtu kwenye chemchemi ya Chemka pale Hai, Kilimanjaro, maji yale yanaonekana mpaka mchanga wa chini, yeye anajipaka povu na shampuu. Iliniuma. Kuna kina mama wanateka maji yaleyale huko chini. Teka ndoo yako, hesabu hatua themanini mbali na maji, oga hapo, udongo utachuja.

FARAJA: Na kwenye hifadhi?

ZAINABU: Kiangazi tembo wananusa maji. Ruaha askari wa hifadhi alitwambia madumu na beseni viingie ndani ya gari kabla ya giza, na tuoge jua likiwa bado juu. Usiku ule walipita, tukawasikia wanavyovuta pumzi kando ya boksi. Nje hakukuwa na hata kopo.

FARAJA: La mwisho, nimeulizwa na mama mmoja. Taulo likilowa kwenye boksi dogo vile, halinuki?

ZAINABU: Linanuka siku ya pili, na godoro nalo linashika unyevu. Mwambie taulo aliache nyumbani. Tunajifuta kwa kikoi. Nakikamua, nakibana mlangoni nusu ndani nusu nje, dirisha nakipandishia. Tukiendesha nusu saa kimekauka, ila vumbi la lori la mbele linarudi nacho. Kwa hiyo nakibana upande wa abiria, na lori likitokea nakivuta ndani.