Nukta Hazichanganyiki

Asante, Mwenyekiti. Nimepewa dakika 20, na nimekumbushwa kwa upole kwamba mara ya mwisho nilipewa hizohizo nikatumia 50. Tutaona.

Picha hiyo ukutani mnaijua. Jumapili alasiri kwenye kisiwa cha La Grande Jatte, mto Seine, pembezoni mwa Paris. Mchoraji Georges Seurat. Aliianza 1884, akaionyesha Mei 1886 akiwa na miaka 26. Mengine mmeyasoma. Ila ninyi mnaoipiga picha kwa simu, hebu ziwekeni chini. Mnapiga picha ya mwanga wa projekta, unaoonyesha picha iliyopigwa na kamera. Humo hamna Seurat hata chembe. Kazi yenyewe iko Chicago, ina mita 2 na kidogo kwenda juu na mita 3 kwenda upande. Ikiingia chumbani kwangu, kitanda kinatoka.

Sasa jambo langu. Wanafunzi wangu wa zamani pale nyuma wameshaanza kucheka, wanajua kinachokuja. Kila mahali mnaambiwa: Seurat aliweka nukta za rangi safi, ukisimama mbali jicho linazichanganya, basi, rangi inang'aa. Nimelisikia redioni. Nimelikuta kwenye karatasi ya mtihani na nikalipa alama, Mungu anisamehe. Jamani, nukta hazichanganyiki! Chukua nukta nyekundu na za kijani, zifanye ndogo mpaka jicho lishindwe kuzitenganisha. Unapata nini? Tope. Huyu kijana alikesha miaka miwili ili apate tope?

Turudi nyuma kidogo, kwenye kiwanda cha Gobelins, Paris, wanakofuma mazulia ya kutundika ukutani. Mwaka 1824 wakampa mkemia mmoja, Michel Eugène Chevreul, usimamizi wa idara ya kutia sufu rangi. Malalamiko yakaanza. Wafumaji wanasema sufu nyeusi mbovu. Wakiitumia kwenye vivuli vya mikunjo ya nguo za buluu na zambarau, weusi unapooza, haushiki. Sasa mkemia ukimletea lawama hiyo atafanya nini? Atakagua dawa. Chevreul akakagua. Akachukua sufu nyeusi ya Gobelins akailinganisha na nyeusi za viwanda vingine vilivyosifika, vya Ufaransa na vya nje. Haina kasoro! Ni nyeusi kama masizi ya chungu. Mwingine angewafukuza wafumaji, waende zao na macho yao mabovu. Yeye hakufanya hivyo, maana wafumaji nao walikuwa wanasema kweli: pale kwenye zulia, weusi ulikuwa umepooza kabisa. Ndipo akagundua kwamba tatizo halimo kwenye sufu. Tatizo ni jirani. Buluu iliyo kando inaupaka ule weusi kivuli cha rangi ya kinyume chake, uchungwa-chungwa, na weusi unachakaa machoni pako huku uzi wenyewe ukiwa mzima.

Kesi ya majirani, basi! Aliisoma miaka mingi, akatoa kitabu kikubwa mwaka 1839. Na mzee aliishi. Mwaka huo Seurat alipoonyesha picha hii, Chevreul alitimiza miaka 100, yu hai.

Msiniamini mimi. Nimekuja na khanga mbili, hii nyekundu na hii ya kijani, za kuazima, msizishike. Karatasi hii ya kijivu naichana katikati mbele yenu. Kipande kimoja hapa, kimoja hapa. Mama wa mstari wa mbele, unaonaje? ... Amesema hiki cha kwenye nyekundu kimeingia ukijani, na kile kimepata wekundu kwa mbali. Karatasi ni moja, mama, umeniona nikiichana. Waliotia rangi ukindu wa mikeka wanalijua hili bila mkemia: wanajua mlia upi ukae kando ya upi ili wote wawili waonekane.

Seurat alisoma haya, pamoja na ya Ogden Rood, mwanafizikia wa Marekani. Kwa hiyo nukta zake ni majirani waliopangwa kwa makusudi wachokozane. Kwenye nyasi za juani kuna kijani, kuna njano, halafu hapa na pale kanyunyiza chungwa. Kivulini analeta buluu. Ukisogea karibu unaona vurugu, ukirudi nyuma hatua kadhaa unaona nyasi, lakini zile punje bado unazihisi, zinatetemeka. Zipo katikati, kati ya kuonekana na kutoonekana, na mtetemo huo ndio picha yenyewe.

Naona mkono. Najua swali. Skrini ya simu nayo ni nukta nyekundu, kijani na buluu, mbona zinachanganyika vizuri? Kwa sababu zile ni taa, bwana. Taa nyekundu na taa ya kijani zikijumlishwa zinatoa njano safi. Rangi ya mafuta haitoi mwanga, inarudisha ule ulioipiga, tena nusu nusu. Na nukta za simu ni ndogo, huzioni. Za Seurat unaziona, alitaka uzione.

La pili huwa linatoka kwa wazazi: hata mwanangu wa chekechea anadonoa nukta. Mlete. Lakini aje kwanza na michoro na vibao vyake vya majaribio vipatavyo 60, maana Seurat alikwenda kisiwani na kurudi, akachora mti peke yake, mtu peke yake, nyasi tupu bila mtu, ndipo akaigusa kanvasi kubwa. Halafu si nukta tupu. Chini yake kuna mipigo ya kawaida ya brashi, ya 1884 na 1885. Nukta alizishindilia juu baadaye. Ukingo ule mwembamba wa nukta pembeni aliuongeza mwishoni kabisa, mwaka 1888 au 1889, na rangi zake zinabadilika kila zinapokutana na rangi tofauti ndani ya picha. Hata fremu aliipa jirani!

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Basi haraka.

Njano. Hii inaniuma. Alitumia rangi mpya wakati huo, njano ya zinki, na ilimsaliti. Ilianza kugeuka kahawia mapema mno: mwaka 1892 Félix Fénéon, mhakiki yuleyule aliyeipa harakati hii ya wachoraji wa nukta jina, Neo-Impressionism, alikuwa ameshaandika kwamba picha imepoteza mng'ao. Seurat alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, ana miaka 31. Zile nukta za kahawia zilizotapakaa kwenye nyasi zilikuwa njano kali. Kwa hiyo jirani mmoja ameugua, na mtaa mzima umebadilika sura. Mtu akikuambia nyasi za Seurat zimepoa, mwambie hajaziona. Hata mimi sijaziona, nilifika Chicago zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Nilitaka kuzungumzia yule mama mwenye kima, na yule mtoto wa nguo nyeupe katikati, anayetutazama moja kwa moja. Hayo basi. Kuhusu kuazimwa kwa picha hii: ilitoka Chicago mwaka 1958 kwenda New York, jumba la makumbusho likashika moto, ikaokolewa, na tangu hapo hawaiazimi tena. Atakayeitaka akate tiketi.

Kipande kimoja cha karatasi yangu ya kijivu hakionekani. Na hiyo khanga nyekundu, kijana, ikunje taratibu, mwenyewe ameketi palepale nyuma yako.