Kumvua Paiki Mkubwa na Kumrudisha Majini Akiwa Mzima

Mwenyekiti, ndugu wavuvi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumvua kwa mshipi samaki aitwaye paiki (kwa Kiingereza pike) aliye mkubwa sana na kumrudisha majini akiwa na nafasi halisi ya kuendelea kuishi. Naomba nianze na samaki mwenyewe, kwa sababu mengi tunayomkosea hutokana na kuutazama mdomo wake wenye mamia ya meno, tukaona nguvu zake, kisha tukaamini kwamba kiumbe wa namna hiyo hawezi kudhurika kwa urahisi.

Paiki huishi katika mito na maziwa ya kaskazini mwa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, na huingia hata katika maji ya chumvi hafifu ya Bahari ya Baltiki. Mapezi yake ya mgongoni na ya chini yamekaa nyuma kabisa karibu na mkia, na umbo hilo humwezesha kuchomoka ghafla kutoka katika majani ya majini na kumkamata samaki anayepita. Nguvu zake ni za kitambo kifupi. Misuli yake mingi ni ile myeupe ifanyayo kazi kwa mshindo mmoja au miwili, ikachoka na kujaa tindikali, halafu ikahitaji muda mrefu wa utulivu ili irudie hali yake. Anayepambana naye kwa dakika nyingi anamlazimisha kufanya kazi ambayo mwili wake haukuumbiwa.

Ninaposema paiki mkubwa sana nina maana ya samaki wa mita moja na kuendelea. Mwenye urefu wa mita moja huwa na uzito wa takriban kilo 7 au 8, na kwa kuwa unene huongezeka pamoja na urefu, yule wa mita 1.2 huweza kufika kilo 13 au zaidi. Paiki anayeshikilia rekodi ya dunia ya uvuvi wa mshipi alivuliwa Ujerumani mwaka 1986 akiwa na kilo 25, na mwezi Februari 2024, katika ziwa la Chew Valley karibu na Bristol, Uingereza, alivuliwa mwingine aliyezidi kilo 21. Samaki wa kiwango hicho wote ni majike. Ni nadra dume kuzidi kilo 5, na jike naye aghalabu huhitaji miaka kumi na zaidi ya kula na kunusurika hadi afikie ukubwa huo, isipokuwa katika maji machache yenye chakula tele.

Jike wa namna hii hutaga mamia ya maelfu ya mayai kila majira ya kuchipua, akiyabandika kwenye majani ya maji ya kina kifupi. Zaidi ya hayo, yeye ndiye anayewadhibiti paiki wenzake, kwani paiki hula paiki. Katika ziwa Windermere, kaskazini mwa Uingereza, wanasayansi walianza mwaka 1944 kuwaondoa paiki wakubwa kwa nyavu, na mojawapo ya mambo yaliyoonekana ni kwamba wakubwa walipopungua, wadogo walinusurika kwa wingi zaidi. Anayedhani kwamba kumuua paiki mkubwa kutaponya samaki wengine ziwani atajikuta amebakiwa na paiki wadogo wengi, wenye njaa, wanaogombea chakula kilekile.

Ndiyo maana nchi kadhaa zimeweka sheria inayowalinda wakubwa badala ya kuwalinda wachanga peke yao. Nchini Ireland mvuvi haruhusiwi kumuua paiki anayezidi sentimita 50, na katika pwani ya Baltiki ya Sweden wanaoruhusiwa kuchukuliwa ni wale wa kati ya sentimita 40 na 75. Ujerumani, kwa upande wake, ina sheria ya ulinzi wa wanyama ambayo haikubali mtu avue kwa nia tu ya kumwachia kila samaki amshikaye. Sheria hiyo inauliza swali ninaloliheshimu, nalo ni hili: kama humtaki, kwa nini umemchoma ndoana? Jibu langu ni kwamba mwenye kukusudia kumwachia amejitwika wajibu mzito kuliko mwenye kukusudia kumla, na asiyeweza kuutimiza wajibu huo hana haki ya kutupa mshipi.

Sasa niingie katika kiini cha mhadhara huu. Uhai wa paiki mkubwa huamuliwa, kwa sehemu kubwa, kabla ndoana haijaingia majini. Huamuliwa na joto la maji, na uimara wa mshipi, na koleo lililo mkononi au lililosahauliwa nyumbani.

Joto ndilo la kwanza. Lita moja ya maji yenye nyuzijoto 10 huweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni, ilhali maji yale yale yakifika nyuzijoto 25 hubeba kama miligramu 8 tu. Wakati huohuo mwili wa samaki, unaofuata joto la maji, hudai oksijeni zaidi kadiri unavyopashwa. Jike mkubwa huumia kwanza, kwa kuwa yeye hupendelea maji ya baridi kuliko wadogo wake, na wakati wa kiangazi hushuka kwenye vina vyenye ubaridi. Kumvuta kutoka huko, kumchosha, kisha kumwachia katika tabaka la juu lenye joto ni kumwekea deni asiloweza kulilipa. Ataogelea mbele ya macho yako, utafurahi, naye atakufa baadaye mahali usipopaona. Wavuvi wengi makini huacha kabisa kumvua paiki maji yanapofikia nyuzijoto 20, nami nasema hiyo iwe kanuni hata pale ambapo sheria haisemi lolote. Kipimajoto ni kifaa cha bei ndogo sana, na sioni udhuru wa kutokuwa nacho. Kipindi kingine cha kujizuia ni wakati wa kutaga, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, ambapo majike hujazana kwenye maji mafupi wakiwa na matumbo yaliyojaa mayai. Wakati huo ni rahisi kuwapata, na urahisi huo ndio hatari yenyewe.

La pili ni mshipi. Kuna watu wanaosifu mshipi mwembamba wakidai kwamba unampa samaki nafasi ya kupambana kwa haki. Sikubaliani nao hata kidogo. Mshipi mwembamba hurefusha pambano na kumchosha samaki, na ukikatika humwacha na ndoana kinywani au kooni pamoja na kipande cha waya kinachoning'inia. Tumia mshipi wa kusokotwa unaohimili kilo 20 au zaidi, na kati ya mshipi na ndoana uweke waya wa chuma unaohimili angalau kilo 12, kwani mshipi wowote wa kawaida ukigusana na meno ya paiki hukatwa mara moja. Ndoana za ncha tatu zisizidi mbili, na vile vijino vya nyuma ya ncha, vinavyoizuia isichomoke, vibanwe kwa koleo hadi vilale. Ukikaza mshipi wakati wote, samaki hatapotea kwa sababu hiyo, na ndoana itatoka kwa kusukumwa tu.

Kwa wanaotumia samaki mfu kama chambo, kuna jambo linaloua paiki wengi kuliko yote, nalo ni kuchelewa kuvuta. Paiki humkamata samaki kwa ubavu, humgeuza, kisha humeza akianzia kichwani, na kazi hiyo haimchukui muda mrefu. Chelezo kikitembea au mshipi ukianza kutoka, kaza na uvute papo hapo. Bora kumkosa samaki kuliko kumngoja ameze. Asiyeweza kukaa karibu na fimbo yake, akiwa macho na mwenye kusikiliza, asitege samaki mfu.

Pambano likimalizika, usimtoe kwa mkono wala usimburute kwenye changarawe. Mpokee kwa wavu mpana wa kina kirefu, uliofumwa bila mafundo na kupakwa mpira, kwa sababu wavu wa kawaida hupasua mapezi na kuchubua ute unaofunika ngozi, na palipochubuka ukungu wa majini hupata njia ya kuingia. Akishakuwa ndani ya wavu, mwache humohumo majini, kichwa kikiwa chini ya maji, huku wewe ukiandaa kila kitu: godoro laini lililoloweshwa, koleo refu la sentimita 25 au 30, na koleo la kukatia lenye uwezo wa kukata chuma cha ndoana. Muda huu ndio wa kupumzika kwake, na ni mali kwako pia. Mara nyingi ndoana huweza kuchopolewa hapohapo bila samaki kuinuliwa hata mara moja, na hiyo ndiyo njia bora kuliko zote.

Ikilazimu kumtoa, mlaze kwenye godoro na upige magoti pembeni yake. Lowesha mkono wako. Tafuta pale ambapo vifuniko viwili vya matamvua vinakutana chini ya kidevu, kisha ingiza vidole vyako kwa utaratibu kati ya kifuniko na matamvua, ukivielekeza mbele, mgongo wa vidole ukigusa upande wa ndani wa kifuniko, mpaka ncha zake zigonge mfupa wa taya na zisiweze kuendelea. Matamvua yenyewe, yale manyoya mekundu, hayaguswi kamwe, kwani huchanika upesi na damu yake haizuiliki kwa urahisi. Ukiinua kichwa kidogo kwa mshiko huo, mdomo hufunguka wenyewe, na utaona ndoana ilipo. Ishike kwa koleo kwenye shina lake, igeuze ncha ielekee ilikotoka, na itatoka. Ikiwa imezama kooni, usilazimishe kupitia mdomoni. Pitisha koleo la kukatia kwa uangalifu kwenye uwazi wa kifuniko cha matamvua, ukate ndoana vipande, na uvitoe kimoja kimoja. Ndoana hununuliwa nyingine. Nimewaona watu wakisita kuikata, na kila sekunde ya kusita kwao ililipwa na samaki.

Kuhusu kupima uzito na kupiga picha, nitakuwa mkali kidogo. Paiki mkubwa haning'inizwi wima kwa taya wala kwa ndoano ya mizani. Majini uzito wake hubebwa na maji, na uti wa mgongo pamoja na viungo vya tumboni havikuwekwa kubeba kilo 15 zikivutwa kuelekea chini. Apimwe akiwa amelala ndani ya mfuko maalumu ulioloweshwa, au apimwe urefu tu, ambao hukupa makadirio mazuri. Picha ipigwe akiwa amelala mlalo mikononi mwa mvuvi aliyepiga magoti juu ya godoro, mkono mmoja chini ya kidevu na mwingine ukiegemeza tumbo, na mpigapicha awe tayari kabla samaki hajainuliwa. Sekunde thelathini hewani zinatosha. Kwenye baridi kali ambapo hewa imeshuka chini ya sifuri, hata hizo ni nyingi, kwa sababu matamvua yenye maji huanza kuganda.

Kumrudisha si kumtupa. Mshushe kwa mikono miwili mahali penye maji safi, mshike mgongo ukiwa juu kwa kuegemeza tumbo na shina la mkia, na uache matamvua yafanye kazi. Usimsukume mbele na nyuma kama wengi wanavyofanya, kwa kuwa maji yanayopita matamvua kwa kinyume hayamsaidii. Kibofu chake cha hewa kina mrija unaokiunganisha na njia ya chakula, kwa hiyo paiki aliyetolewa kwenye kina huweza kutoa hewa iliyozidi, mara nyingine kwa mapovu unayoyaona, tofauti na samaki wengine wa maji hayohayo ambao hufurika na kuelea. Anapoupiga mkia kwa nguvu zake mwenyewe, mwachie. Asipoweza kujiweka sawa, mgongo ukiwa juu, baada ya dakika chache, mweke ndani ya wavu uliozama, au ndani ya mfuko mrefu wenye matundu yanayopitisha maji, na umngoje kwa muda wowote anaouhitaji. Kama anatoka damu nyingi matamvuani na sheria ya mahali hapo inaruhusu achukuliwe, muue haraka kwa pigo moja kichwani na umle, kwani kumwachia samaki wa hali hiyo ni kujifariji tu. Pale ambapo sheria inakataza kumuua, hurudishwa majini hivyohivyo.

Akishaondoka, kabla ya kutupa mshipi tena, pitisha vidole kwenye waya kuanzia juu hadi chini. Ukikuta mkunjo mmoja au uzi mmoja uliochomoza, ukate wote na ufunge mpya. Lowesha godoro upya, rudisha makoleo yote mawili mahali ambapo mkono utayafikia bila macho kuyatafuta, na upime tena joto la maji ikiwa jua limepanda.

Ahsanteni, na sasa nakaribisha maswali.