Mpanda kabla ya kuchoronga: kutafuta madini ya fedha, risasi na zinki katika ardhi iliyosahaulika

NEEMA: Karibu, msikilizaji wetu. Leo mimi na kaka Yusufu, ambaye ni mjiolojia, tunazungumzia Mpanda, mkoani Katavi. Reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa huko mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya mgodi wa risasi, na mwaka 1960 mgodi huo ukafungwa. Kaka Yusufu, eneo lililowahi kuwa na mgodi, tena lenye reli yake, linahesabiwaje kuwa halijatafitiwa vya kutosha?

YUSUFU: Ahsante, dada Neema. Mgodi hutafiti kile tu kinachoulisha. Wachimbaji wa zama zile walifuata mishipa, yaani mistari ya madini ndani ya mwamba, iliyojitokeza juu ya ardhi, yenye risasi, shaba, fedha na dhahabu, lakini pale mwamba ulipofunikwa na udongo mzito wa misitu ya miombo, vifaa vya kutazama chini vilikuwa vichache. Isitoshe, Wizara ya Madini yenyewe imekwisha kueleza kwamba upimaji wa kina wa jiofizikia, yaani kupima tabia za miamba iliyo chini bila kuchimba, kwa kutumia ndege ulikuwa umefikia takriban asilimia 16 tu ya nchi, ikaweka lengo la kufikia asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Kwa hiyo mgodi wa zamani unatuambia kwamba mfumo wa madini upo. Hautuambii umeishia wapi.

NEEMA: Basi mwenye leseni ya utafiti aanzie wapi?

YUSUFU: Aanzie kwenye makaratasi. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, iliyopo Dodoma, hutunza ramani na taarifa za tangu enzi za ukoloni, na wiki moja ya kuzisoma inaweza kuokoa pesa nyingi za mashine. Baada ya hapo atembee kwa miguu. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wengi hutafuta kitu kinachong'aa. Galena, ambayo ndiyo mbale kuu ya risasi, yaani jiwe linalotoa madini hayo, hung'aa kweli na hupasuka katika vipande vya mraba unapoigonga kwa nyundo, na ukiishika unashangaa uzito wake, kwa kuwa ni nzito zaidi ya mara saba kuliko maji. Lakini karibu na uso wa ardhi, mvua na hewa huigeuza kuwa serusaiti, jiwe la rangi ya kijivu au nyeupe lisilovutia hata kidogo, ambalo mara nyingi hujificha ndani ya mwamba uliooza wenye rangi ya kutu. Mtu asiyelijua hulipita.

NEEMA: Na pale ambapo hata mwamba uliooza hauonekani?

YUSUFU: Hapo udongo ndio unaosema. Risasi haiyeyuki kwa urahisi, kwa hiyo hubaki karibu na mshipa ilikotoka, ilhali zinki huyeyuka na kusafiri na maji. Tope la vijito likionyesha zinki nyingi, tunapanda nalo kuelekea chanzo, kisha tunachukua sampuli za udongo kwa mistari inayokata mwelekeo wa miamba hadi risasi itupe mahali penyewe. Katika miombo tunao pia msaada wa vichuguu, kwa sababu mchwa hupandisha chembechembe za udongo kutoka chini, na sampuli ya kichuguu wakati mwingine hufichua kilichozikwa na udongo wa juu.

NEEMA: Umetaja zinki mara mbili, lakini Mpanda inajulikana kwa risasi na shaba.

YUSUFU: Ndiyo maana ninashauri zinki isidhaniwe kuwepo, bali ipimwe. Hata fedha ni hivyo hivyo. Galena safi ina risasi karibu asilimia 87, lakini fedha iliyofungwa ndani yake hubadilika mno kutoka mshipa mmoja hadi mwingine, na kwa macho huwezi kuiona. Tani moja ya mbale yenye gramu 20 za fedha na nyingine yenye gramu 300 zinaweza kufanana kabisa mkononi, ilhali hesabu ya biashara ni tofauti kama usiku na mchana. Kila sampuli ipimwe madini yote, hata kama gharama ya maabara inauma.

NEEMA: Vipi kuhusu jiofizikia ya ardhini?

YUSUFU: Tunapitisha umeme ardhini, tunaukata, kisha tunapima jinsi mwamba unavyouachia taratibu. Galena huitikia, ila mbale ya zinki huitikia kwa udhaifu, na grafiti isiyo na thamani kwetu inaweza kuitikia kwa nguvu. Kipimo hicho kisitumike peke yake kuchagua mahali pa kuchoronga, yaani kutoboa shimo refu mwambani kwa mashine. Kwanza chimba mitaro pale udongo na umeme vinapokubaliana, uuone mshipa kwa macho na kujua unalalia upande gani.

NEEMA: Kuna jambo linanisumbua. Tumeona Kabwe, nchini Zambia, mgodi wa risasi na zinki uliofungwa mwaka 1994, lakini hadi leo watoto wana risasi nyingi katika damu.

YUSUFU: Ni uchungu ambao haukupaswa kutokea, dada. Mtafiti apime risasi katika udongo wa makazi na maji ya visima kabla ya kufungua mtaro wa kwanza, na wafanyakazi wasirudi nyumbani na vumbi katika nguo. Wachimbaji wadogo wanaochakata upya marudio ya zamani, yaani mabaki ya mbale iliyokwisha kusagwa, waelezwe hatari hiyo kwa uwazi.

NEEMA: Tuje kwenye uchorongaji wenyewe.

YUSUFU: Shimo lichorongwe kwa mshazari ili likate mshipa. Kiini cha mwamba, yaani kipande kirefu cha duara kinachotolewa shimoni, hupangwa katika masanduku, hukatwa katikati kwa msumeno, nusu ikapelekwa maabara na nusu ikabaki sandukuni kwa ajili ya uhakiki. Hapa ndipo wawekezaji hupotoshwa: shimo likiukata mshipa kwa pembe ya nyuzi 30, mita 4 za mbale katika kiini ni mita 2 tu za unene halisi. Mishipa pia huvimba na kusinyaa, kwa hiyo shimo moja zuri halijathibitisha mashapo, yaani hazina ya madini inayotosha kuchimbwa.

NEEMA: Na mashimo ya kwanza yakitoka matupu?

YUSUFU: Kwanza achunguze kama mshipa umekatwa na ufa na kusogezwa pembeni, kwani miamba ya Ubende, ukanda wa miamba ya kale ulipo Mpanda, imepondwa na kuvutwa mara nyingi. Asipoupata baada ya hapo, arudishe sehemu hiyo ya leseni kwa Tume ya Madini pamoja na takwimu zake zote, yakiwemo mashimo matupu, ili atakayekuja baadaye asianze upya pale pale.