Chagua molekuli kabla ya kuingia maabara

Karibuni. Leo tunapanga molekuli za kutengeneza ili tujue ni sifa ipi ya muundo inayoipa dawa nguvu. Kazi kubwa ni kuchagua. Ukichagua vibaya, hesabu haitakuokoa.

Chukua karatasi ya grafu. Mhimili wa mlalo uite π: jinsi kikundi cha atomi kinavyoielekeza molekuli kwenye mafuta (chanya) au kwenye maji (hasi). Wa wima ni σ: jinsi kinavyovuta (chanya) au kusukuma (hasi) elektroni. Wanakemia Hansch na Fujita waliviunganisha vigezo hivi viwili katika mlinganyo mmoja mwaka 1964.

Tunabadilisha kikundi kimoja tu, nafasi ya para kwenye pete ya benzini, yaani mkabala na mahali pete inapoungana na sehemu nyingine ya molekuli. Hidrojeni inakaa katikati, 0 na 0. CF₃ ina π 0.88 na σ 0.54: juu kulia. Methili, 0.56 na −0.17: chini kulia. CN, −0.57 na 0.66: juu kushoto. OH, −0.67 na −0.37: chini kushoto. Umezishika robo zote nne.

Hapa tusimame kidogo. Wengi huanza na methili, ethili, propili, butili, kwa kuwa ni rahisi kuzipata. Hebu ziweke kwenye grafu. Zinajipanga mstari mmoja: π inapanda, σ haisogei, na ukubwa unapanda pamoja na π. Dawa ikipata nguvu, utasema ni mafuta au ni ukubwa? Hakuna mlinganyo wa kutenganisha vitu ambavyo wewe mwenyewe umevifunga pamoja.

Ongeza klorini, tert-butili (butili yenye matawi), NO₂, NH₂ na OCH₃. Sasa ni kumi. Watafiti Topliss na Costello walionya mwaka 1972 kwamba molekuli chache zikijaribiwa na vigezo vingi, uhusiano wa kubahatisha hujitokeza. Molekuli tano kwa kila kigezo ni kiwango kizuri cha kuanzia.

Mfuatano wa kupima molekuli uupange kwa bahati nasibu. Ile ya hidrojeni ipime mara kadhaa, ujue vipimo vyako vinayumba kiasi gani. Geuza C, yaani mkolezo wa molekuli unaoleta athari unayoipima, kuwa log(1/C), kisha tafuta a, b na c katika log(1/C) = aπ + bσ + c.

Mwisho, bashiri bromini na asetili, ambazo hukuzitumia, uandike ubashiri kabla ya kuzipima. Ubashiri ukikosea kupita ule myumbo wa hidrojeni, rudi kwenye grafu na ujaribu kigezo cha ukubwa, ukiongeza molekuli nyingine tano.