Kilichobaki Sakafuni: Wimbo wa Singo na Wimbo wa Albamu

Ndugu zangu, asanteni kwa kutulia wakati santuri ikizunguka. Mmesikia wimbo uleule mara mbili. Angalau lebo inasema hivyo. Ni "Light My Fire" ya The Doors, wa mwaka 1967. Mara ya kwanza, kwenye singo, yaani sahani ndogo inayouzwa kwa ajili ya wimbo mmoja, ulikwisha kabla ya dakika tatu kutimia. Mara ya pili, kwenye albamu, ulikwenda hadi dakika saba. Bendi ni ileile, kurekodi ni kulekule, na mwimbaji hana neno jipya alilotuongezea. Nimewaona baadhi yenu mkitazamana pale kinanda kilipoanza kwenda zake na sauti ya mwimbaji ikawa hairudi. Nataka tukae hapohapo jioni hii, pale sauti inapokuwa hairudi.

Singo iliyokwenda redioni iliondolewa karibu yote waliyopiga Ray Manzarek kwenye kinanda na Robby Krieger kwenye gitaa. Mtayarishaji wao, Paul Rothchild, ndiye aliyeshika wembe wa kukatia utepe wa kurekodia. Julai mwaka huo wimbo ukashika nambari 1 Marekani, kwa hiyo aliyetaka mauzo aliyapata. Lakini tazameni kilichoipata maana. Kwenye singo, kijana anambembeleza mpenzi wake asisite, anarudia ombi lake, wimbo unakwisha. Kwenye albamu anasema hayohayo, halafu ananyamaza kwa dakika kama nne. Kinanda kinazunguka, gitaa linapokea, ngoma zinapanda na kushuka. Anaporudi, beti ni zilezile, lakini masikio yetu si yaleyale. Aliyeomba mwanzoni alikuwa na haraka. Huyu wa mwisho amekesha.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Tumezoea kudhani kwamba singo ni wimbo uleule uliopunguzwa urefu, kama suruali iliyopelekwa kwa fundi. Mimi naamini anayekata ndiye anayeamua wimbo unahusu nini. Na kitu kinachokatwa, mara nyingi mno, ni kungoja.

Dakika tatu hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Zilitoka kwenye sahani ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ambayo upande wake mmoja ulibeba takriban dakika tatu basi. Mtunzi alitunga ndani ya kisanduku hicho, na msikilizaji akakizoea. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ikatoa santuri ndefu ya mizunguko 33⅓, yenye zaidi ya dakika 20 kila upande. Mwaka uliofuata RCA Victor wakaja na sahani ndogo ya mizunguko 45. Kuanzia hapo muziki uliorekodiwa ukawa na nyumba mbili, kubwa na ndogo, na wimbo mmoja ukawa unatakiwa kulala kote kuwili.

Nyumba ndogo ilikuwa na masharti yake. Sauti yenye nguvu huhitaji mfereji mpana kwenye sahani. Ukitaka dakika nyingi zaidi, lazima uibane mifereji, na ukiibana sauti inafifia. Sahani yenye sauti hafifu, ikichezwa redioni baada ya yenye sauti ya kishindo, inasikika kama mtu mwenye mafua. Kwa hiyo kampuni haikuwa na ubahili mtupu. Fizikia nayo ilikuwa na neno. Juu ya hapo kulikuwa na watangazaji waliopanga nyimbo na matangazo kwa sekunde, na walipoona tarakimu kubwa kwenye lebo waliiweka sahani kando bila kuisikiliza. Mtayarishaji wa muziki Phil Spector alilijua hilo. Mwaka 1964 alipotoa "You've Lost That Lovin' Feelin'" ya The Righteous Brothers, wimbo unaokaribia dakika 3 na sekunde 45, lebo iliandikwa 3:05. Aliidanganya karatasi ili asiuguse wimbo. Miaka kumi baadaye Billy Joel aliimba katika "The Entertainer" jinsi kazi ya msanii inavyokatwa ili itoshe, na kipimo alichokitaja ni hichohicho, 3:05.

Sasa niwaeleze wembe wenyewe, maana nauheshimu. Utepe wa studio ulikimbia sentimita 38 kwa sekunde. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, kila pigo lake lilikuwa na urefu wa sentimita 19. Muda ulikuwa kitu unachoweza kukishika mkononi. Fundi aliuvuta utepe kwa vidole mbele ya kichwa cha kusomea, mbele na nyuma, taratibu, ngoma ikinguruma kama mnyama aliyeamshwa, hadi aone mahali hasa pigo linapoanzia. Akatia alama kwa penseli ya nta. Akakata kwa mshazari, ili sauti moja ipokewe na nyingine bila kumshtua msikilizaji, kisha akaunga kwa kipande cha utepe wenye gundi. Dakika nne kwa mwendo huo ni zaidi ya mita 90 za utepe. Mita 90 za kazi ya watu zilianguka sakafuni, na fundi hodari alihakikisha hakuna atakayejua kwamba kuna kitu kilikuwapo.

Ukitaka kuutambua mkato, usifuatilie maneno. Fuata mlio wa toazi: ukitoweka kabla haujamaliza kufifia, hapo wembe umepita. Au fuata pumzi ya mwimbaji, iliyovutwa kwa ajili ya mstari ambao haufiki. Kuna nyimbo nilizozisikiliza redioni ujana wangu wote bila kuzitilia shaka. Siku nilipozisikia kwenye albamu nilihisi kama mtu aliyeishi kwenye nyumba miaka kumi ndipo akagundua mlango nyuma ya kabati.

Siwezi kusimama hapa nikasema kila mkato ni dhuluma. Chukueni "Papa's Got a Brand New Bag" ya James Brown, ya mwaka 1965. Utepe mzima ni wa dakika karibu saba. Upande wa kwanza wa sahani iliyouzwa ulichukua sehemu ya mwanzo tu, dakika mbili na sekunde chache, tena ikaongezwa kasi kidogo, na kila kitu kikakaza kama ngozi ya ngoma iliyowekwa juani. Utepe kamili ulikuja kutolewa mwaka 1991, na kabla ya noti ya kwanza unamsikia Brown mwenyewe akitangaza kwamba huu utapendwa. Nimezisikiliza zote mbili mara nyingi. Ndefu ni tamu, ina jasho la chumba kizima. Lakini ile fupi ndiyo iliyobadilisha muziki wa dansi, na wembe ulistahili. Wimbo ule haukuwa unangoja kitu. Ulianza ukiwa umeshafika, kwa hiyo kuukata hakukuupunguzia safari.

Linganisheni na "Autobahn" ya Kraftwerk, 1974. Kwenye albamu unajaza upande mzima wa santuri, zaidi ya dakika 22. Mlango unafungwa, gari linawashwa, kisha barabara, barabara, barabara. Singo yake haifiki dakika nne, na iliingia kwenye chati za Marekani na za nchi kadhaa. Ni kipande kizuri cha muziki. Ila safari ya barabara kuu inayokwisha kwa dakika tatu na nusu ni ya kutoka nje ya geti na kurudi. Mtu aliyenunua albamu kwa ajili ya singo, nadhani, ndiye aliyepata zawadi kubwa kuliko wote: alikwenda kutafuta wimbo, akakuta mandhari.

Wapenzi wa rumba ya Kongo wanalifahamu jambo hili kwa miguu yao. Muundo wa rumba una nusu mbili: kwanza maneno, taratibu, kisa kinaelezwa, halafu sebene, magitaa yanashikana na dansi inafunguka. Kwenye sahani ya 45 wimbo mrefu uligawanywa sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Hapo hakuna kilichotupwa, ila kuna mtu aliyelazimika kunyanyuka na kugeuza sahani huku wachezaji wamesimama, mkono bado kiunoni. Santuri ndefu iliondoa adha hiyo. Franco na TPOK Jazz walipotoa "Mario" mwaka 1985, walipita dakika 10 bila kumwomba mtu radhi, na kisa cha kijana anayelelewa na mwanamke mtu mzima kikapata nafasi ya kulalamikiwa vya kutosha kabla ya magitaa kuchukua usukani. Fela Kuti wa Nigeria naye alikwenda mbali zaidi. Kwake upande mzima wa santuri ndio uliokuwa wimbo, na redio ikitaka icheze, isipotaka iache.

Kugawanya badala ya kukata kulijaribiwa kwingine pia. Bob Dylan alipotoa "Like a Rolling Stone" mwaka 1965, dakika 6 na zaidi, nakala za watangazaji ziligawanywa pande mbili. Wasikilizaji walitaka wote, vituo vikaucheza wote, na wimbo ukafika nambari 2. "American Pie" ya Don McLean, dakika 8 na nusu, ulikatwa katikati kwenye sahani ndogo, nusu kila upande, na ulishika nambari 1 mwanzoni mwa 1972. Huo ulikaa kama wimbo mrefu kuliko yote kufika kileleni Marekani kwa karibu miaka 50. Aliyeuondoa ni Taylor Swift, Novemba 2021, kwa "All Too Well". Wimbo huo ulitoka 2012 ukiwa wa dakika tano na nusu hivi, na uliofika kileleni ni ule wa dakika 10. Watu waliupenda mfupi kwa miaka tisa, kisha walipopewa mrefu wakaupokea kwa mikono miwili. Sijui mnalisomaje hilo. Mimi nalisoma kwamba uvumilivu wa msikilizaji haukuwahi kuwa mdogo kama tulivyoambiwa.

Na sasa nifike kwenye linaloniuma. Zamani wembe uliacha mabaki. Singo ilitoka, lakini wimbo mzima ulibaki kwenye albamu, na mwenye kiu alijua pa kuchota. Kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni, mfano Spotify, usikilizaji huhesabiwa ukishapita sekunde 30. Wimbo wa dakika mbili na wimbo wa dakika nane zinahesabiwa sawa: mara moja. Msanii si mjinga, anapiga hesabu. Utangulizi unafutwa, daraja la katikati, ile sehemu inayogeuza mwelekeo wa wimbo, halitungwi, kiitikio kinawekwa mlangoni. Wembe umehama kutoka kwenye utepe ukaingia kichwani mwa mtunzi, na anachokikata hakianguki sakafuni ambako mtu angeweza kukiokota. Hakizaliwi. Wenzetu wa baadaye hawatakuwa na toleo refu la kwenda kulitafuta, na mhadhara kama huu hautakuwa na santuri ya pili ya kupiga.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa sana, na inakwenda upande wa pili kabisa. Nyimbo nyingi za zamani zinapowekwa mtandaoni, linalowekwa ni toleo la albamu. Singo iliyowachezesha watu mwaka ule, yenye mkato wake na uchanganyaji wake wa sauti, inazidi kuwa ngumu kuipata. Mtafiti anayetaka kujua watu walisikia nini redioni mwaka 1967 anapewa kitu ambacho wengi wao hawakukisikia. Mimi ni mpenzi wa matoleo marefu, mmekwisha kunijua, lakini nawaomba mlio na sahani ndogo majumbani msizitupe. Kile kipande kifupi nacho ni ushahidi, pamoja na toazi lake lililokatwa.

Nimebakiza santuri moja. Ni "Papa Was a Rollin' Stone" ya The Temptations, 1972, iliyotayarishwa na Norman Whitfield. Singo ina takriban dakika saba, na hiyo tayari ilikuwa ndefu kwa sahani ndogo. Toleo la albamu linakaribia dakika 12. Kisa mnakijua: watoto wanamuuliza mama yao juu ya baba ambaye hawakuwahi kumwona, na sasa amekufa. Kwenye singo unangoja takriban dakika mbili kabla mtu hajafungua kinywa. Kwenye albamu ni karibu nne. Kuna besi yenye noti chache tu na kimya kirefu kati yake, kuna toazi linalonong'ona, gitaa linalotokea na kuondoka, tarumbeta inayosikika kama mtu aliye chumba cha pili. Kila mara unadhani sasa anakuja. Haji. Nyuzi zinapanda, unajiweka sawa, na bado haji. Mwimbaji anapoanza hatimaye kusema habari za baba asiyeonekana, wewe mwenyewe umeshakaa dirishani pamoja na wale watoto.

Nitapiga ya albamu. Naomba taa zipunguzwe kidogo, na tusizungumze. Kwa karibu dakika nne hakuna atakayeimba. Fundi, tafadhali, weka sindano.